Mwamba Ngoma Huvuta Ngozi Kwake: Mhakiki na Maslahi Katika Uandishi wa Michezo ya Video

Sisi walimu wa Kiswahili, tunapofundisha somo la uhakiki, hupenda kuanza na neno lenyewe. Uhakiki, haki na hakika ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli na ya kile kimpasacho mtu. Kwa hiyo mhakiki, kwa asili ya jina lake, ni mtu autafutaye ukweli wa kazi na kuipa kazi hiyo stahili yake, asiizidishie wala asiipunguzie. Neno la pili tunalolihitaji leo ni maslahi. Hili nalo lina jamaa zake, nao ni suluhu na kusuluhisha. Kwa asili maslahi si neno baya. Ni manufaa, ni lile jambo limfaalo mtu. Ubaya huingia pale ambapo haki na maslahi hukutana katika nafsi ya mtu mmoja, kisha haki ikaombwa isogee kidogo ipishe njia. Hali hiyo ndiyo iitwayo mgongano wa maslahi.

Katika makala haya nakusudia kuuchunguza mgongano huo katika uwanja ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa uwanja wa uhakiki, yaani magazeti na tovuti zinazohakiki michezo ya video. Huenda msomaji akauliza, ya nini walimu wa lugha kujishughulisha na michezo ya vijana? Ninayo majibu mawili. Kwanza, wengi wa wanafunzi wetu wa mjini wamekwisha kusoma au kusikiliza uhakiki wa mchezo wa video kabla hawajasoma hata uhakiki mmoja wa riwaya; kwao huo ndio mfano wa kwanza wa kazi ya kuhakiki. Pili, uwanja huo una fedha nyingi, na kwa hiyo maradhi ambayo katika uhakiki wa vitabu hujificha ndani ya mifupa, huko yametokeza ngozini yakaonekana na kila mtu. Anayetaka kuujua ugonjwa na amtazame mgonjwa aliyezidiwa.

Nani humlisha mhakiki?

Tuanze na lililo wazi. Mwaka 1988 tawi la Marekani la kampuni ya Nintendo lilianzisha jarida liitwalo Nintendo Power. Mwenye michezo ndiye aliyekuwa mwenye jarida, na kila aliyelinunua alilijua hilo tangu jaladani. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Na hapa mwambaji alionekana, na ngozi ilionekana ikivutwa. Msomaji aliyekuta sifa tele humo hakudanganyika, kwani alijua kuwa anayeimba ni mwenye harusi.

Taabu ilikuwa kwa magazeti mengine, yale yaliyojiita huru. Gazeti la kawaida la habari hupata matangazo ya biashara kutoka kwa muuza sabuni, muuza magari na benki. Likiihakiki riwaya kwa ukali, muuza sabuni hana habari. Lakini gazeti la michezo ya video husomwa na wachezaji, na anayetaka zaidi kusema na wachezaji hao ni yule yule anayewauzia michezo. Kwa hiyo anayehukumiwa katika ukurasa wa 10 aghalabu ndiye aliyelipia ukurasa wa 11. Si lazima pawepo mtu mwovu ndipo hali hii ilete madhara. Nyumba yenyewe imejengwa ikiwa imeinama, na kila aingiaye hujikuta anateremkia upande mmoja.

Kisa cha mwaka 2007

Novemba 2007 tovuti ya GameSpot, iliyokuwa mali ya kampuni ya CNET Networks, ilitoa uhakiki wa mchezo uitwao Kane & Lynch: Dead Men, uliochapishwa na kampuni ya Eidos. Mhakiki alikuwa Jeff Gerstmann, mmoja wa wahariri wakongwe wa tovuti hiyo, naye aliupa mchezo huo alama 6.0 kati ya 10. Wakati huohuo kurasa za tovuti zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo uo huo. Kabla mwezi haujaisha, Gerstmann alikuwa amefukuzwa kazi.

Kampuni ilikana kwamba shinikizo la mtangazaji ndilo lililomwondoa. Gerstmann naye alikuwa amefungwa na makubaliano ya kutoinena vibaya kampuni, hivyo kwa zaidi ya miaka 4 wasomaji walibaki na uvumi. Baadhi ya wenzake waliacha kazi mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2008 ikaanzishwa tovuti mpya ya Giant Bomb, yeye akiwa kiongozi wake. Machi 2012 tovuti hiyo ilinunuliwa na CBS Interactive, ambayo kwa wakati huo ndiyo iliyoimiliki GameSpot pia. Kifungo cha makubaliano kikafunguliwa, na Gerstmann akaeleza hadharani kwamba wachapishaji wa michezo walikuwa wakitishia kuondoa fedha zao za matangazo kwa sababu ya alama walizopewa, na kwamba viongozi wapya wa kampuni, wasio na uzoefu wa vitisho vya namna hiyo, waliingiwa na hofu.

Katika kisa hiki yapo mambo mawili yanayofaa kuangaliwa. La kwanza ni kwamba uhakiki wenyewe haukuwa mkali sana. Mwanafunzi wetu akipata 60 kwa 100, mzazi wake humshukuru Mungu. La pili ni kwamba aliyefukuzwa alikuwa mmoja, lakini waliofundishwa walikuwa wote waliobaki. Baada ya siku ile hapakuwa na haja ya mtu yeyote kumwamuru mhakiki mwingine aandike uongo. Kila aliyekaa kuandika alijua kalamu inaweza kumfikisha wapi, na kalamu yenye hofu hujipinda yenyewe. Msomaji hawezi kuuona upindo huo, kwa kuwa hana sentensi iliyofutwa ya kulinganisha na ile iliyoachwa.

Alama moja iliyopungua

Kwa nini 6 kwa 10 iwe kosa? Jibu ni kwamba katika biashara hii tarakimu imekwisha kuacha kuwa maoni, imekuwa bidhaa. Tangu mwaka 2001 tovuti ya Metacritic hukusanya alama za wahakiki mbalimbali, ikazigeuza ziwe za kipimo cha 100, kisha ikatoa wastani mmoja. Kwa mnunuzi mwenye haraka jambo hili lina faida. Lakini tazama lilikofika.

Oktoba 2010 ulitoka mchezo uitwao Fallout: New Vegas, uliotengenezwa na kampuni ndogo ya Obsidian na kuchapishwa na Bethesda Softworks. Machi 2012 Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa Obsidian, alifichua masharti ya malipo yao. Walilipwa fedha taslimu za kazi bila fungu la mauzo. Wangepata bakshishi tu iwapo wastani wa Metacritic ungefikia 85. Wastani uliishia 84. Bakshishi haikutoka.

Hapa tumefika mahali pa kutisha zaidi kuliko kisa cha kwanza, kwa kuwa hapa hakuna aliyemhonga yeyote. Mhakiki aliyekaa nyumbani kwake, akaucheza mchezo kwa uaminifu, akaona kasoro zake, akaandika 7 kwa dhamiri safi, alikuwa ameingizwa bila kujua katika mkataba wa mishahara ya watu asiowafahamu. Na mhakiki wa siku zijazo, ambaye sasa analijua jambo hili, ataandikaje 7? Akiongeza alama kwa huruma, amemdanganya mnunuzi. Asipoongeza, huenda amemnyima fundi ujira wake. Lawama yangu si kwa mhakiki wala kwa fundi. Ni kwa wale walioitwaa hukumu ya sanaa wakaifanya kipimo cha ujira.

Wapo waliojaribu kujinasua. Februari 2015 tovuti ya Uingereza iitwayo Eurogamer iliacha kutoa tarakimu. Mwaka 2023 ikarudi kwenye vipimo, safari hii kwa nyota. Siwalaumu. Msomaji aliyezoea kupewa jibu bila hoja huona hoja kuwa ni mzigo. Nasi walimu, tunaopenda kuandika alama nyekundu chini ya insha pasipo maelezo, tumechangia kumlea msomaji wa namna hiyo.

Mlango unaofungwa na kiti cha karamuni

Watu wengi wakisikia habari za rushwa hufikiria bahasha. Lakini katika uandishi huu nguvu kubwa zaidi imekuwa ni ile ya mlango. Mchezo mrefu huweza kuchukua saa 40 au zaidi kuumaliza, na wasomaji wanataka uhakiki siku ile ile unapoanza kuuzwa. Hivyo mhakiki anahitaji nakala ya mapema, na mwenye kuitoa ni mwuzaji mwenyewe. Pamoja na nakala hiyo huja zuio, yaani sharti la kutochapa neno kabla ya saa iliyotajwa. Mwenye mlango anaweza kuufungua, kuuegesha, au kuufunga kabisa.

Novemba 2015 tovuti ya Kotaku iliwaeleza wasomaji wake kwamba kampuni mbili kubwa, Bethesda na Ubisoft, zilikuwa zimekata mawasiliano nayo na kuinyima nakala, baada ya tovuti hiyo kutoa habari za michezo ambayo kampuni hizo hazikuwa tayari kuitangaza. Kosa la Kotaku, ikiwa ni kosa, lilikuwa kufanya kazi ya mwandishi wa habari.

Upo pia mlango ulioegeshwa. Mchezo wa Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt ya Poland ulitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa nakala za kompyuta peke yake, wala hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizozirekodi wenyewe. Uhakiki mwingi ulikuwa wa sifa. Watu waliponunua nakala za mashine kongwe za PlayStation 4 na Xbox One wakakuta mchezo uliojaa kasoro, na wiki moja baadaye Sony ikauondoa katika duka lake na kuwarudishia wanunuzi fedha. Walioandika sifa zile hawakusema uongo. Waliuhakiki ule upande wa nyumba walioonyeshwa. Hata hivyo, mhakiki anayeonyeshwa upande mmoja ana wajibu wa kumwambia msomaji, tena katika sentensi za kwanza, kwamba upande wa pili hakuuona.

Zaidi ya mlango kuna kiti cha karamuni. Oktoba 2012 mwandishi wa Uskoti, Robert Florence, aliandika katika Eurogamer juu ya ukaribu wa waandishi wa michezo na watu wa kutangaza michezo. Alieleza jinsi waandishi, wakiwa katika hafla ya tuzo zao wenyewe, walivyosambaza jina la mchezo fulani mtandaoni ili kushindania zawadi ya mashine ya kuchezea. Mmoja wa waliotajwa alilalamika, sehemu ya makala ikaondolewa, na Florence akaacha kuandika safu yake. Hoja yake haikuwa kwamba mashine moja inamnunua mtu. Alikuwa anasema kwamba watu hawa hawakuona ajabu. Walikuwa wamekaa karibu na meza ya mwenye karamu kwa muda mrefu, hata wakasahau kuwa waliitwa kama mashahidi.

Bahasha kwa mavazi mapya

Siku hizi vijana wengi hutazama video za watu wanaocheza na kuzungumza, na gazeti hawaligusi. Ilidhaniwa kwamba hawa, kwa kuwa hawana mhariri wala mwenye gazeti, watakuwa huru. Mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa mwaka 2014 kampuni ya Warner Bros. ilipokuwa ikiutangaza mchezo wa Middle-earth: Shadow of Mordor, iliwalipa watu mashuhuri wa video, kila mmoja kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola, ili wausifu mchezo huo. Walitakiwa wasionyeshe kasoro zake. Habari ya malipo ikawekwa mahali ambapo mtazamaji asingeiona mpaka afunue maelezo yaliyofichwa chini ya video. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Julai 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni hiyo, ikiilazimisha kuhakikisha kuwa malipo ya aina hiyo yanaelezwa wazi.

Mfano huu watufundisha kwamba tangazo likijitaja kuwa tangazo ni halali kama mnadi wa sokoni anayepaza sauti. Uovu ni kumvika mnadi kanzu ya kadhi.

Haki inapogeuzwa rungu

Siwezi kuliacha jambo la Agosti 2014, maana lilitumia maneno haya haya ninayoyatumia. Mtengenezaji mmoja wa michezo, mwanamke, alisingiziwa kwamba alipata uhakiki mzuri kwa sababu ya uhusiano wake na mwandishi. Uhakiki huo haukuwapo. Mwandishi aliyetajwa hakuuhakiki mchezo wake kamwe. Hata hivyo kundi kubwa la watu, likidai kutetea maadili ya uandishi, lilimwandama yeye na wanawake wengine kwa matusi na vitisho vya kuuawa, hata baadhi yao wakahama makwao. Oktoba mwaka huo mhakiki Anita Sarkeesian alilazimika kuuvunja mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani, baada ya kuletwa barua iliyotishia mauaji.

Linganisha. Mwaka 2007 palikuwa na fedha, kampuni na mtu aliyefukuzwa. Mwaka 2014 hapakuwa na uhakiki wowote wa kuulalamikia. Lakini ghadhabu iliyowashukia wanyonge ilikuwa kubwa kuliko ile iliyopata kuwashukia wenye mali. Basi na tujihadhari: anayeuliza habari za mgongano wa maslahi hana budi kuanza pale fedha na madaraka yalipo, naye aje na ushahidi. Shutuma isiyo na ushahidi nayo ni uhakiki mbaya, tena ni mbaya kuliko sifa za uongo.

Na sisi je?

Kufikia hapa ni rahisi kutikisa kichwa na kuwasikitikia watu wa mbali. Lakini hapa kwetu Uganda walimu wa Kiswahili hatuko wengi, na waandishi wetu ni wachache zaidi. Karibu kila anayehakiki kitabu anamfahamu mwandishi wake.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na jarida moja dogo nihakiki diwani ya rafiki niliyewahi kufundisha naye. Nilikuwa nimekula nyumbani kwake mara nyingi, na katika shukrani za kurasa za mwanzo jina langu lilikuwamo. Niliisifu diwani ile. Sikusema uongo, niliyoyasifu yalistahili. Lakini yalikuwamo mashairi matano au sita ambayo vina vyake vililazimishwa mpaka maana ikavunjika, nami nikayaruka kimya, na urafiki wetu sikuutaja. Mwanafunzi wangu mmoja akainunua diwani hiyo kwa kuyaamini maneno yangu. Siku moja alinijia na ukurasa ameufungua, akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, na hili nalo ulilipenda?” Sikuwa na jibu. Hakuna aliyenipa bahasha, wala hapakuwa na kampuni ya kunifukuza. Nilikuwa nimevuta ngozi kwangu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo matatu kwa kurasa za uhakiki za chama chetu. La kwanza, kila mhakiki aeleze kwa sentensi moja ana uhusiano gani na mwandishi au mchapishaji, na kitabu alikipataje. Sentensi hiyo haimfanyi kuwa mwadilifu, lakini humpa msomaji mizani. La pili, yule anayeona kwamba hawezi kuitaja kasoro ya kazi, hata akiiona, airudishe kazi hiyo kwa mhariri ili apewe mwingine. Kufanya hivyo si aibu. Aibu ni ile iliyonikuta mimi. La tatu, kila sifa na kila lawama ifuatane na mfano kutoka katika kazi yenyewe, ili msomaji aweze kuihakiki hukumu yetu kama tulivyoihakiki kazi ya mwenzetu.

Kwa darasani nina zoezi jepesi. Mwalimu awaombe wanafunzi walete uhakiki wa mchezo wa video wanaoupenda, wauchunguze kwa maswali manne: Nani alimlipa msemaji? Nakala aliipata wapi? Kasoro zipi amezitaja? Ushahidi wake ni upi? Kisha awape uhakiki wa kitabu kutoka katika bulletini hii yetu, waulize maswali yayo hayo. Iwapo kurasa zetu zitashindwa mtihani ambao tumewatungia wengine, ni heri tuambiwe na wanafunzi wetu wakiwa bado wanatuamini.